Miji Iliyomezwa na Saa

Mwaka 1937 Lindi ilikuwa kituo cha ndege za kimataifa. Ndege za majini za shirika la Imperial Airways ziliruka kutoka Southampton, kusini mwa Uingereza, zikapitia Marseille, Roma, Athens, Alexandria, Cairo, Wadi Halfa, Khartoum na Malakal, zikatua Ziwa Victoria, Port Bell na kisha Kisumu, zikateremka pwani hadi Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, ndipo zikashika njia ya Kisiwa cha Msumbiji, Beira, Lourenço Marques na Durban. Bwana mkubwa aliyetoka Uingereza na shughuli zake Lindi alishuka Lindi. Leo mkazi wa Lindi mwenye safari ya London kwa kawaida huanza na basi la Dar es Salaam.

Ardhi haikuongezeka wala kupungua. Kutoka Heathrow hadi uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ni kilomita 6,840 hivi, ukipima njia fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia, na ndege ya leo huimaliza kwa saa nane na nusu au zaidi kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 safari ileile ilikula zaidi ya wiki. Wengi hudhani tofauti yote ni ya mwendo wa injini, lakini hesabu inakataa. Ndege ya Argosy ya wakati ule, iliyokwenda karibu kilomita 150 kwa saa, ingeweza kuumaliza umbali huo kwa chini ya siku mbili angani, kama isingelazimika kutua. Siku nyingine zote zilipotelea chini: kulala hotelini, kujaza mafuta, kungoja ukungu utawanyike, kubadilisha ndege, hata kupanda treni. Anayetaka kujua jinsi siku zilivyogeuka saa atazame mahali ndege zilipotua, kisha atazame jinsi mahali hapo palivyoachwa, pamoja baada ya pengine.

Kabla ya ndege yalikuja majembe. Vita Kuu ya Kwanza ilipomalizika, Waingereza walituma vikosi vya wapimaji kutafuta viwanja kutoka Cairo hadi Cape Town. Kazi yenyewe, kama kawaida ya zama zile, waliifanya Waafrika. Ndola peke yake, katika Zambia ya leo, vibarua wapatao 700 walishinda miezi kadhaa ya mwaka 1919 wakibomoa vichuguu vya mchwa na kuhamisha udongo unaokadiriwa kufikia tani 25,000. Majina ya marubani waliokuja kutua pale yamo vitabuni. Ya waliousawazisha uwanja hayamo.

Tarehe 4 Februari 1920 Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, maofisa wawili kutoka Afrika Kusini, waliondoka Brooklands karibu na London kwa ndege ya Vickers Vimy waliyoiita Silver Queen. Iliharibika Korosko, kusini mwa Misri. Wakapewa Vimy ya pili, nayo ikaangukia Bulawayo. Wakamalizia kwa ndege ya tatu, DH.9, na kuingia Cape Town tarehe 20 Machi. Walitumia siku 45 njiani, lakini muda waliokuwa angani hasa ulikuwa saa 109 na nusu, yaani siku nne na nusu hivi. Arobaini zilizobaki zilikuwa za kutengeneza, kungoja na kulala. Vimy nyingine, iliyotumwa na gazeti la The Times la London, iliishia Tabora mwezi huohuo wa Februari: ilianguka pale, wasafiri wake wakasalimika, na safari ya kwenda kusini ikafia hapo.

Baada yao alikuja Alan Cobham, ambaye sifa ya ushujaa haikumshughulisha kama kazi aliyotumwa. Imperial Airways ilitaka kujua kama njia hii ingeweza kubeba abiria wanaolipa. Cobham aliondoka Novemba 1925 na fundi wake Arthur Elliott na mpiga picha za sinema B. W. G. Emmott, akafika Cape Town tarehe 17 Februari 1926. Alikwenda miezi mitatu kwa sababu alikuwa akikagua kila kiwanja na kila bohari la mafuta. Kurudi alitumia wiki mbili na siku moja tu, akashindana na meli ya posta iliyotoka Cape Town na kuitangulia Uingereza. Rubani yuleyule, ndege ileile, barabara ileile ya angani: tofauti ni kwamba safari hii alijua pa kutua.

Huduma yenyewe ilianza tarehe 28 Februari 1931, na mwisho wa reli yake, kama tunaweza kusema hivyo, ulikuwa Mwanza. Barua zilizotoka uwanja wa Croydon, London, zilifika ufukwe wa Ziwa Victoria tarehe 10 Machi. Ndani ya siku hizo kumi mlikuwa na kila aina ya chombo: ndege ya nchi kavu kuvuka Ulaya, ndege ya majini kuvuka Mediterania, treni kutoka Alexandria hadi Cairo, ndege ya Argosy kufuata Mto Nile hadi Khartoum, kisha ndege nyingine ya majini hadi ziwani. Treni nyingine, ya Italia, ilitokana na siasa. Serikali za Uingereza na Italia hazikuelewana kuhusu nani apite wapi, na kwa miaka kadhaa abiria wa "ndege" walipanda treni Paris wakashuka Brindisi, kwenye kisigino cha Italia, kabla ya kuona bawa tena. Wenye tiketi za bei ghali walilala ndani ya behewa.

Njia iliendelea kurefuka. Desemba 1931 barua za Krismasi zilipelekwa kwa majaribio hadi Cape Town, zikaondoka tarehe 9 na kufika tarehe 21. Tarehe 20 Januari 1932 posta ya kawaida ilifunguliwa, na tarehe 27 Aprili abiria wakaruhusiwa kupanda hadi mwisho, safari ya siku kumi au kumi na moja. Ukichukua ramani ya njia hiyo unaisoma kama orodha ya vituo vya basi: Kisumu, Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya, Mpika, Broken Hill, Salisbury, Bulawayo, Johannesburg, Kimberley. Dodoma na Mbeya ziliunganishwa na London kwa tiketi moja wakati ambapo kutoka mji mmoja hadi mwingine kwa barabara, majira ya masika, kulikuwa jambo la kumwachia Mungu.

Kwa nini vituo vingi hivyo? Tangi dogo ni sababu moja. Ya pili ni giza: hakukuwa na taa za kutosha wala redio za kuaminika za kuongoza ndege usiku, kwa hiyo jua lilipokaribia kuzama ndege ilitua, abiria wakapelekwa hotelini, na asubuhi wakaamshwa kabla ya alfajiri. Masaa ya mchana nayo yalikuwa na adui wake. Hewa ya nchi kavu ikishapata joto huirusha ndege ndogo huku na huko, na matapishi yalikuwa sehemu ya safari ya kifahari kuliko matangazo yalivyokiri.

Mafuta nayo hayakusamehe hesabu mbaya. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1935 ndege ya majini City of Khartoum ilikuwa ikitoka Krete kwenda Alexandria. Taa za bandari zilikuwa karibu kabisa injini zake tatu zilipozimika kwa kukosa mafuta. Watu 13 walikuwamo. Aliyeokolewa ni rubani peke yake.

Mwaka 1937 zikaja zile zilizopita Lindi. Zilikuwa ndege za kampuni ya Short zilizojulikana kama Empire, zenye injini nne, nafasi za abiria 24 na ukumbi ambapo mtu aliweza kusimama dirishani na kutazama tembo wa Nile. Hazikuhitaji uwanja. Bahari, mto na ziwa viliwatosha marubani, na hilo lilibadilisha ramani mara moja: Moshi, Dodoma na Mbeya zikaachwa, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi zikaingia, kwa kuwa zina maji tulivu ya bandari. Nairobi yenyewe, isiyo na ziwa la kutosha, ikakosa nafasi kwenye njia kuu na kutegemea ndege ndogo za Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, kuunganishwa na Kisumu. Wakazi wa Kisumu wa siku hizo wangecheka kama ungewaambia kwamba ipo siku mji wao utakuwa tawi na Nairobi shina.

Kisa kinachoonyesha vizuri kuliko vyote jinsi njia ile ilivyokuwa nyembamba ni cha ndege iliyoitwa Corsair. Tarehe 14 Machi 1939 iliondoka Port Bell, Uganda, ikielekea Juba, safari ya kawaida ya asubuhi. Chombo cha redio cha kutafuta mwelekeo hakikufanya kazi sawasawa, na marubani walipogundua kwamba wamepotea mafuta yalikuwa yanakwisha. Wakaona mto mwembamba katikati ya pori, wakatua. Ulikuwa Mto Dungu, karibu na Faradje, katika Kongo ya Wabelgiji, zaidi ya kilomita 200 kutoka Juba. Ndege ilitua salama, kisha ikagonga mwamba uliojificha chini ya maji na kutoboka tumbo. Hakufa mtu.

Mafundi walitumwa kutoka Uingereza wakajenga kambi kando ya mto. Wakaiziba, wakaisukuma, na Julai wakajaribu kuirusha. Ikagonga jiwe jingine. Septemba vita vikaanza Ulaya, na ndege kubwa ikawa mali adimu. Basi ikaamuliwa mto wenyewe uongezwe kina. Wanaume wa vijiji vya jirani walifanya kazi ya kujenga bwawa ili maji yapande yaifikie ndege. Tarehe 6 Januari 1940, karibu miezi kumi baada ya kupotea, Corsair iliruka kutoka kwenye bwawa hilo. Kipande cha safari kilichopaswa kuisha kabla ya chakula cha mchana kilikula mavuno mawili.

Vita ndivyo vilivyoipa pwani ya Afrika Mashariki heshima ambayo haijapata tena. Italia ilipoingia vitani Juni 1940, Mediterania ilifungwa kwa ndege za Kiingereza. Njia mpya ikachorwa kwa umbo la kiatu cha farasi: Durban, Beira, Lindi, Dar es Salaam, Mombasa, Kisumu, Khartoum, Cairo, Basra, Karachi, Singapore hadi Sydney. Uingereza yenyewe haikuwamo. Barua ya kutoka London kwenda kwa askari aliyeko Cairo ilipakiwa melini, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi Durban, kisha ikapandishwa ndege na kurudi kaskazini kupitia Lindi.

Amani iliporudi, ndege za majini zilikuwa na miaka michache tu. Shirika la BOAC, mrithi wa Imperial Airways, lilirusha ndege za Solent kutoka Southampton kwenda Vaaldam, karibu na Johannesburg, safari ya siku nne yenye kulala kila usiku nchi kavu. Nyingine zilitua Ziwa Naivasha, katikati ya viboko, na abiria wakapandishwa basi kuvuka Bonde la Ufa hadi Nairobi. Lakini vita vilikuwa vimeacha viwanja vya lami kila mahali, na ndege ya magurudumu ilikuwa nyepesi na ya bei nafuu kuendesha. Mwishoni mwa 1950 njia ya Afrika ya ndege za majini ilifungwa. Vituo vya majini, Port Bell kikiwa kimojawapo, vikatoka kwenye ratiba.

Aliyefaidika ni Entebbe. Tarehe 6 Februari 1952 mfalme George wa Sita alipofariki, binti yake Elizabeth alikuwa Kenya. Alichukuliwa Nanyuki kwa ndege ya DC-3 ya East African Airways hadi Entebbe, ambako ndege kubwa ya BOAC ilikuwa ikimngoja. Mvua ya radi ikamchelewesha malkia mpya uwanjani. Aliruka usiku wa manane ukikaribia, akatua El Adem, Libya, kujaza mafuta, na kufika London jioni ya siku iliyofuata. Hiyo ndiyo ilikuwa kasi ya juu kabisa ambayo dola kubwa iliweza kumpa mtu iliyemhitaji haraka.

Miezi mitatu baadaye kipimo hicho kilivunjwa. Tarehe 2 Mei 1952 Comet ya BOAC ilifungua safari ya kwanza ya abiria duniani kwa ndege ya jeti. Haikwenda New York. Ilikwenda Johannesburg, kupitia Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Abiria 36 walifika chini ya saa 24 baada ya kuondoka London, na mle ndani, wanasimulia waandishi wa wakati ule, hapakuwa na mtetemo wa kumnyima mtu usingizi. Watu wa Entebbe walipata huduma ya jeti ya abiria kabla ya watu wa New York.

Ndege hiyohiyo ya safari ya kwanza ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari 1954, ikaua watu 35. Aprili Comet nyingine ikaanguka karibu na Naples. Wachunguzi walizamisha mwili mzima wa Comet ndani ya tangi la maji huko Farnborough, wakaujaza na kuupunguza shinikizo tena na tena mpaka ukachanika: bati lilikuwa linachoka kwa kupanuka na kusinyaa katika kila safari. Jeti zikaondolewa, na kwa miaka kadhaa njia ya Afrika ikarudi mikononi mwa ndege za mapanga.

Nairobi ilitumia miaka hiyo kujenga. Uwanja wa Embakasi, ndio Jomo Kenyatta wa leo, uliochimbwa kwa sehemu kubwa na jasho la watu waliozuiliwa wakati wa vita vya Mau Mau, ulifunguliwa Machi 1958. Mama yake Malkia ndiye aliyepangiwa kuufungua, lakini safari yake ya kutoka Australia ilicheleweshwa, hivyo gavana Evelyn Baring akaufungua mwenyewe. Uwanja wa ndege uliozinduliwa bila mgeni rasmi kwa sababu mgeni kachelewa safarini: mchekeshaji asingetunga kizuri zaidi.

Embakasi ilikuwa na tatizo la kuzaliwa nalo. Iko mita 1,600 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, mbawa hazipati mshiko wa kutosha, injini hazivuti pumzi kamili, na joto la mchana huzidisha yote. Ndiyo sababu njia yake ya kurukia ina zaidi ya kilomita nne, na ndiyo mojawapo ya sababu ndege nyingi za masafa marefu hupenda kuondoka Nairobi usiku. Waingereza waliunda ndege ya VC10 wakiifikiria hasa Afrika ya namna hii: injini nne zote mkiani, mbawa safi zenye nguvu ya kuinua mzigo. East African Airways, shirika lililomilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania, lilipokea Super VC10 zake kuanzia 1966, na bendera za nchi tatu zikaonekana London.

Hata hivyo kila kituo kilibaki na hatari yake. Tarehe 18 Aprili 1972 mojawapo ya ndege hizo, ikitoka Nairobi kwenda London kupitia Addis Ababa na Roma, ilikanyaga kipande cha chuma kilichoachwa kwenye njia ya kurukia Addis. Tairi likapasuka, marubani wakafunga breki, ndege ikapitiliza mwisho wa lami na kuwaka moto. Kati ya watu 107, 43 walikufa. Shirika lenyewe lilivunjika mwanzoni mwa 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kila nchi ikaanza na ndege zake.

Kadiri ndege zilivyoweza kubeba mafuta ya safari nzima, ndivyo Roma, Cairo, Khartoum na Entebbe zilivyogeuka majina yanayopita chini ya mawingu. Kisha uchumi ukafanya kilichobaki. British Airways iliacha kwenda Dar es Salaam mwaka 2013 na Entebbe mwaka 2015. Dar hadi London ni kama kilomita 7,500 kwa njia fupi, lakini abiria wa Dar anayepitia Dubai husafiri karibu 9,500, na saa za kungoja Dubai juu yake. Kwa mtu huyu umbali wa kweli umeongezeka, ingawa ndege yake inakwenda mara tatu ya ile iliyotua Lindi.

Nairobi ilizidi kujikusanyia. Tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ilizindua safari ya moja kwa moja hadi New York kwa Boeing 787. Ni kilomita zaidi ya 11,800, marubani wanne wakipokezana usukani. Kwenda huchukua kama saa 15, kurudi kama 14. Saa moja hiyo ni ya upepo: juu ya Atlantiki ya Kaskazini pepo kali za tabaka la juu huvuma kutoka magharibi, zikamzuia anayekwenda Marekani na kumsukuma anayerudi. Njia ya London, inayokwenda kaskazini na kusini, haipati sana faida hiyo wala hasara hiyo.

Inapata shida ya aina nyingine. Mapigano yalipolipuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, uwanja wa ndege wa mji huo ukawa uwanja wa vita tangu siku ya kwanza, na sehemu kubwa ya anga la Sudan ikafungwa kwa ndege za abiria. Mstari mfupi wa Nairobi na London hupita humo humo, magharibi ya bonde ambalo Argosy zilikuwa zikilifuata kwa macho. Ndege zikalazimika kuzunguka, nyingine upande wa Bahari ya Shamu, nyingine magharibi kupitia Chad, zikiwa na mafuta zaidi na ratiba ndefu zaidi. Khartoum, ambako kwa miaka ishirini hakuna abiria wa njia hii aliyeweza kukwepa kulala au kunywa chai, ilianza tena kuongeza dakika kwenye safari ya Nairobi, safari hii bila ndege kutua.